Nusu ya Somo Niliyompa Mjomba Wako

Mwanangu Rajabu,

Salamu nilikupa asubuhi ulipokuwa ukifunga kamba sanduku lako, sina haja ya kuzirudia kwenye karatasi. Sasa ni baada ya laasiri. Wewe umekwenda kumuaga shangazi yako, na namjua, hatakuachia mpaka ule. Nimeketi barazani peke yangu. Barua hii nitaitia katika mfuko wa koti lako la kaki, kwa kuwa mkono wako hauishi kuingia humo kutafuta zile sigara unazodhani sizijui. Utaikuta kesho, kabla gari halijamaliza kuteremka kutoka huku Amani kwenda Muheza.

Sikuandikii habari ya kula, wala ya kufua nguo, wala ya kuchagua rafiki. Umekuwa mtu mzima, leseni unayo, na wiki ijayo utakabidhiwa Landrova ya wapima barabara kule milima ya Lushoto. Nataka nikuandikie habari ya kijiti kimoja tu, kile chenye kirungu chekundu. Unakijua. Usichokijua ni kwa nini nilikupiga kwa ajili yake.

Unaikumbuka siku ile kwenye kilima cha kiwandani. Gari lilikuwa likiteremka polepole, nawe ukapeleka mkono ukitaka kuvuta kile chekundu, na mimi nilikuwa nimepakata spana. Nilikupiga nayo kwenye vifundo vya vidole. Kidole chako cha kati hakijanyooka mpaka leo. Ulikuwa na miaka kumi na minane na ulilia mbele ya watu wa kiwandani, na mimi nikakwambia, "Kidole kimoja ni rahisi." Watu wakasema Mzee Mhina ni mkali wa kazi, ndiyo maana madereva wake hawaanguki. Wewe pia ulisema hivyo, nilikusikia. Haukuwa ukali wa kazi, Rajabu. Ilikuwa hofu, na mwenye hofu hupiga vibaya kuliko mwenye hasira.

Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa kudhalilishwa. Landrova ilipofika hapa kwenye shamba la chai ilikuwa ya kwanza huku kwetu, rangi yake haijapata mkwaruzo. Meneja akaniita, akanionyesha: gia ni nne kama gari lolote, lakini pembeni pana kijiti chekundu. Kikiwa mbele, gia zote nne ni nyepesi, za kukimbilia barabarani. Ukikivuta nyuma, gia zile zile nne zinakuwa nzito, magurudumu yote manne yanavuta, na gari linakwenda mwendo wa watu wanaofuata jeneza. Hayo tu. Mengine aliniacha niyatafute kwa kichwa changu.

Jumapili moja nilimpeleka ufukweni Kigombe. Nilipouona mchanga nikajisemea, mchanga ni mzito, basi na gia iwe nzito. Nikasimama, nikavuta chekundu, nikatia namba moja, nikakanyaga moto. Magurudumu yakachimba kama mbwa wanne wanaotafuta mfupa, gari likalalia tumbo. Meneja alishuka, akaketi kivulini, akafungua chakula chake. Mimi nikachimba kwa sahani ya bati huku maji yakijaa. Kila nilipomtazama alisema, "Chimba. Bahari haikungoji wewe." Maji yalifika kwenye ekseli kabla wavuvi hawajaja kunisaidia kusukuma. Wiki nzima alikuwa akiwasimulia wageni wake kisa kile na mimi nimesimama pale pale nimeshika sinia la chai.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mchangani unaacha gia nyepesi, unabonyeza kirungu cha njano kilicho kando ya chekundu ili magurudumu yote yavute, kisha unakwenda bila kusita. Kwenye tope la mfinyanzi nilijua kwa kulala njiani: gia nzito, ndiyo, lakini namba mbili au tatu, maana namba moja ina nguvu kupita kiasi na gurudumu linazunguka bure kama mlevi. Kwenye mawe, namba moja nzito na mguu mwepesi. Kila neno hapo nililipia aibu yake. Kwa hiyo niliyaona maneno hayo ni mali yangu, na mali niliyoipata hivyo sikuona kwa nini nimpe mtu bure.

Sasa nikuambie habari ya mjomba wako Mbwana.

Mimi ndiye niliyemuombea kazi. Mama yako alinisumbua mwezi mzima, "Baba Rajabu, kaka yangu anazeeka kwenye lori la mkonge huko chini, mtafutie nafasi huku juu kwenye ubaridi." Nikamtafutia. Alikuja na kanzu moja na maneno elfu. Hukuwa mdogo kiasi cha kusahau. Alikubeba mabegani mpaka mtoni na wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, miguu yako inaburura. Jioni nilipotoka kazini ulimkimbilia yeye kwanza. Na jikoni, mama yako Mwanaidi alikuwa akicheka na kaka yake kicheko cha kwao Moa, kile cha kushika mbavu, ambacho katika miaka kumi na mitano ya ndoa mimi sikuwahi kumchekesha hivyo hata mara moja.

Hayo ningeyavumilia. Lakini meneja naye akampenda. Siku moja aliniita ofisini, akasema bila kuinua macho, "Mbwana atachukua Landrova. Anajua kuzungumza na wageni. Wewe utarudi kwenye trekta. Mfundishe kesho, na keshokutwa aanze."

Nilimfundisha uwanjani, pale kwenye tambarare mbele ya kiwanda, asubuhi moja. Nilimwonyesha klachi yake ilivyo ngumu, nikamwonyesha kile cha njano, nikamwonyesha mahali pa maji na mafuta. Alikuwa mwepesi wa kushika. Dereva mzuri kuliko mimi, leo naweza kuliandika hilo. Mwisho akagusa kirungu chekundu.

"Na hiki, shemeji?"

"Hicho ni cha milimani. Ukiona gari linataka kukushinda kwenye mteremko, kivute."

"Basi?"

Nikamtazama. Nilijua anauliza nini. Mtu aliyezoea lori la tambarare hana njia ya kujua kwamba kati ya gia nyepesi na gia nzito pana mahali patupu, na kwamba kijiti kile hakivutwi ila gari likiwa limesimama kabisa. Unasimama juu, kileleni, kabla ya mteremko. Unavuta, unatia namba moja au mbili, unatoa mguu kwenye klachi, unaiacha injini ikushikie gari mpaka chini, breki unaigusa tu. Ukingoja mpaka umekwisha kuingia kwenye mteremko, umechelewa. Ukivuta gari likikimbia, meno ya gia nzito yatakataa kushikana, na meno ya nyepesi umekwisha kuyaachia. Hapo huna gia yoyote. Huna injini. Una sanduku la chuma lenye magurudumu.

"Basi," nikamwambia.

Neno lenyewe ndilo hilo. Usidhani nilitaka afe. Nilitaka asikie yale meno yakisaga, aone haya mbele ya meneja, akwame mahali, watu waseme aa, Mhina ndiye dereva. Nilitaka achimbe kwa sahani kama nilivyochimba. Nimejiambia hivyo kwa miaka saba, na ni kweli, na haipunguzi kitu.

Kesho yake kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa natia mafuta kwenye trekta mama yako alipokuja na kanga yake mpya. Alikuwa anakwenda Muheza kununua vitambaa vya Idi, vyako na vyangu. Mbwana akamfungulia mlango kwa madaha kama anamfungulia mke wa gavana, naye akacheka. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwao, Rajabu. Nilikuwa na nafasi ya kutembea hatua kumi nikasema, "Mbwana, simama kwanza ndipo uvute." Ni maneno matano. Nilifungua kinywa. Halafu Mbwana akaniita, "Shemeji, trekta linakupenda!" na watu wakacheka, na mama yako akacheka nao. Nikafunga kinywa. Nikainama kwenye trekta langu.

Habari ilifika kabla ya adhuhuri. Nilikwenda mbio kwa miguu, nikafika pale kwenye mteremko wa pili, penye kona na korongo, kabla ya meneja na kabla ya polisi. Njia nzima ilinuka breki zilizoungua. Watu wawili wakata kuni walikuwa wamekwisha kumtoa mama yako, wamemlaza kando, wamemfunika kanga ile mpya uso. Mmoja akaniambia, "Hakuteseka." Baadaye niligundua kwamba huambiwa hivyo kila mtu. Sikumfunua. Wewe uliniuliza siku ya mazishi kama nilimwona mara ya mwisho, nikakwambia ndiyo, amelala vizuri. Sikumwona. Niliogopa.

Niliteremka kwenye gari. Lilikuwa limelalia ubavu, limeegemea mti. Mbwana alikuwa chini upande wa pili, mguu umebanwa na bodi, macho yamefumba, nikadhani amekufa au amezimia. Nikatazama ndani. Kijiti chekundu kilikuwa kimesimama katikati. Hakiko mbele, hakiko nyuma. Alikuwa amefanya vile vile nilivyomwambia: ameona gari linamshinda, amekivuta.

Nikapitisha mkono dirishani nikakisukuma mbele, kwenye gia nyepesi.

Nimeandika sentensi hiyo na sasa nimeitazama muda mrefu. Nilifanya hivyo mama yako akiwa hatua ishirini nyuma yangu, hajapoa. Mkono ulijua kazi yake. Meneja alipokuja, alichungulia ndani, akasema, "Mpumbavu ameteremka kwa gia nyepesi." Kisha akaniwekea mkono begani. "Pole sana, Mhina. Likitengenezwa utalichukua wewe." Na likatengenezwa. Na nikalichukua. Hilo ndilo gari nililokupelekea shuleni Muheza siku za mvua, na wewe ulikuwa unajivuna mbele ya wenzako.

Barazani kwa hakimu niliitwa kuwa shahidi. Aliniuliza kama nilimfundisha mshtakiwa kuendesha gari lile. Nikasema nilimfundisha. Akaniuliza kama nilimwonyesha kijiti cha gia nzito na kumwambia matumizi yake. Nikasema nilimwonyesha na nikamwambia. Yote mawili kweli. Nilikuwa na alama ya msiba usoni, nani angeuliza zaidi? Mbwana aliulizwa kama ana swali kwa shahidi. Alikuwa ameegemea magongo mawili, mguu haujaunga sawa. Akanitazama kidogo, akasema, "Sina swali." Akafungwa miezi sita na leseni ikachukuliwa.

Wewe uliyasikia hayo ukiwa na miaka kumi na mitatu, ukayafunga moyoni. Alipotoka kifungoni akaja kwetu kuzuru kaburi la dada yake, ulisimama mlangoni ukamwambia, "Umemuua mama. Usiingie." Mimi nilikuwa ndani nimekaa kitandani. Nilisikia kila neno. Nilimsikia pia akisema, "Haya, mwanangu," na magongo yakigonga kurudi njiani. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua nne.

Miaka ikapita hukumpa shikamoo hata mkikutana uso kwa uso. Alijifunza kushona katambuga, akaweka kibanda pale njia panda ya Muheza, anakata matairi mabovu anawavisha wachuuzi wa machungwa. Mwaka ule ulipopata kazi ya utingo alikuletea jozi moja kwa mkono wa mtu, amezitia nakshi kwenye kamba. Ulizitupa chooni mbele yangu. Uliniuliza, "Nimekosea, baba?" Nami nikakwambia, "Umefanya la kiume." Nilikuwa na furaha, Rajabu. Nataka ulijue hili kuliko yote. Nilikuona unamchukia nikapata usingizi, maana chuki yako kwake ilikuwa ukuta, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma yake. Kila ulipomtukana nilihisi nimepona kidogo. Nimekulea kwa hiyo. Ukali wako unaosifiwa, ule wa kutomsamehe mtu, hukuzaliwa nao. Mimi nimeupanda na nimeumwagilia.

Ndipo ukapata leseni, ukaja na barua ya kazi, gari ni Landrova, mahali ni milimani. Tangu nianze kukufundisha nilifikiri nikikufundisha vizuri yataisha. Nimekufundisha vizuri. Hakuna dereva wa umri wako anayejua mteremko kama wewe, na kidole chako ni cheti chake. Hayakuisha.

Asubuhi hii, wewe ulipokwenda kwa fundi wa viatu, mimi nilipanda lori la chai nikateremka Muheza. Nilimkuta Mbwana kibandani ana kisu na kipande cha tairi kwenye goti zima. Alinitambua kwa miguu, hakuinua kichwa.

"Shemeji," nikasema.

"Karibu. Unataka jozi?"

"Rajabu anaondoka kesho. Anakwenda kuendesha Landrova Lushoto."

Akaacha kukata. "Umemfundisha yote?"

"Yote."

"Na mahali patupu?"

Nikakaa chini, kwenye vumbi pale. Nilimwuliza alijuaje jina hilo, maana ni mimi niliyelibuni na sijamtajia mtu ila wewe. Akasema jela alikuwamo mzee mmoja aliyepata kuendesha magari ya jeshi, ndiye aliyemweleza kijiti kile kinavyofanya kazi. Yeye mwenyewe ndipo akapaita hivyo.

"Lakini sikungoja jela kukujua wewe," akasema. "Siku ile sikuzimia. Nilifumba macho kwa maumivu, nikasikia mtu anakuja, nikayafumbua kidogo. Nikakuona ukiingiza mkono."

Wachuuzi walikuwa wakipiga kelele za machungwa nyuma yangu. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Kwa nini barazani alisema hana swali.

"Ningesema, nani angeamini mwenye magongo mawili dhidi ya mfiwa?" Akaendelea kukata tairi lake. "Na tuseme wangeamini. Ungefungwa wewe. Mtoto wa dada yangu amekosa mama, akose na baba wiki hiyo hiyo? Angelala kwa nani? Kwangu, jela? Nikaona heri anichukie mimi, apate mtu wa kumpikia uji."

Nilimwambia kwamba nimekuja kuomba ruhusa ya kukuandikia. Akacheka kidogo, si kile kicheko cha zamani cha jikoni.

"Miaka saba hukuniomba ruhusa ya kunyamaza. Leo unaniomba ruhusa ya kusema. Mwandikie."

Basi nimekuandikia. Gari lako kesho litasimama Muheza robo saa wapakie mizigo. Kibanda chake kiko upande wa kushoto, mkabala na wauza machungwa. Sikuamrishi ushuke. Sina tena haki ya kukuamrisha chochote, hilo nimelitambua nilipokuwa nikiandika juu ya zile hatua nne za kitandani. Ukishuka, shuka. Ukikaa garini, kaa. Na ukiamua kuwa huna baba, usinitumie barua ya kunieleza, nitaelewa kwa ukimya wako.

Nilipoinuka kuondoka pale kibandani nilijaribu kumshika mkono. Aliutazama mkono wangu, hakuupokea.

"Mhina," akasema, na hiyo ni mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake kuniita kwa jina. "Ukimwandikia mtoto, usiweke kwamba nimekusamehe. Utataka kuweka, nakujua, ili barua iishe vizuri. Sijakusamehe. Andika ulichofanya, uishie hapo."

Ni mimi, baba yako,
Mhina